Toka vilima vya chai vya Itumbe hadi gatini Kisumu

Mwulize mwanafunzi wa Itumbe, kule kwenye vilima vya chai vya Gusii, bandari ya Kenya iko wapi. Bila kusita atakujibu kuwa iko Mombasa, na mwalimu wake atampa alama ya vyema. Hata hivyo, iko bandari nyingine ambayo mwanafunzi huyo anaweza kuifikia asubuhi, akaizunguka mchana kutwa na kurudi kwao kabla sufuria ya ugali wa jioni haijaepuliwa. Bandari hiyo ni Kisumu.

Si kwamba watu wa Gusii hawaijui Kisumu. Wanaijua sana. Huenda huko kwa matibabu, kwa kesi, kwa arusi na kwa biashara. Lakini msafiri wa aina hiyo hushuka stendi ya mabasi, akafanya lililompeleka, akanunua samaki wake wawili na kugeuza. Ziwa huliona kwa mbali tu, kati ya paa na paa. Ni wachache wanaokwenda kuitazama Kisumu kama mji uliozaliwa na meli na reli, na kulelewa na viwanda. Msomaji, Jumamosi moja tuliamua kufanya hivyo.

Tulikuwa watu watatu: mimi na wapwa wangu wawili, kijana wa shule ya upili na dadake mdogo aliye bado shule ya msingi. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona meli kwa macho yake.

Kuteremka

Tulitoka Itumbe kungali giza, sweta mwilini. Mjini Kisii tulipanda matatu ya Kisumu, mikungu ya ndizi ikiwa imefungwa juu ya paa. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 100 za kuteremka: Oyugis, Sondu, Katito, kisha Ahero. Kila baada ya mwendo wa nusu saa mtu huvua nguo moja. Tulipofika Sondu sweta zilikuwa zimeingia mkobani, na tulipofika Ahero madirisha yote yalikuwa wazi.

Pale Sondu niliwaonyesha watoto mto. Maji yake hutoka nyanda za juu za Mau na Gusii, nayo hushuka kwa nguvu hadi ziwani. Kabla ya kufika huko hufanyishwa kazi kwanza: kituo cha umeme cha Sondu-Miriu kinaweza kuzalisha megawati 60. Basi hata mvua inyeshayo juu ya milima ya kwetu hatimaye huishia Kisumu.

Wanadamu wa kwetu nao walipita huku. Profesa William Ochieng', aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha historia ya kale ya Wagusii mwaka wa 1974, alieleza kwamba mababu wa Wagusii walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa Goye katika eneo la Yimbo kando ya ziwa, wakasogea hadi Kisumu na uwanda wa Kano, ndipo wakapanda milimani. Mtoto wa Itumbe akifika Kisumu asijione mgeni. Mababu zake walipita hapo kabla ya reli, kabla ya meli na kabla ya mzungu.

Jina lenyewe la mji lina hadithi. Wazee husimulia kuwa linatokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana bidhaa. Njaa ikiingia upande mmoja, watu walibeba walichokuwa nacho wakaenda kwa jirani. Biashara hiyo haijafa. Ndizi na maparachichi hushuka kila siku, nao omena na mbuta hupanda.

Mwisho wa reli

Tulianzia kwenye reli, kwa sababu bila reli Kisumu ingebaki kijiji cha wavuvi. Waingereza walianza kutandika njia ya gari la moshi Mombasa mwaka wa 1896. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ukingoni mwa ziwa. Msumari wa mwisho uligongwa na Florence Preston, mkewe mhandisi Ronald Preston, na mahali hapo pakaitwa Port Florence. Jina hilo halikudumu. Kisumu lilirudi na kukaa.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka ni kwamba wakati huo Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa sehemu ya Uganda, na iliunganishwa na upande wetu mwaka wa 1902. Ndiyo maana njia ile iliitwa Reli ya Uganda. Shabaha yake ilikuwa kufika ziwani tu, na kutoka hapo kazi iliyobaki ilikuwa ya meli. Kwa miaka mingi kila mzigo wa Uganda, uwe pamba inayotoka au vitambaa vinavyoingia, ulipitia gati la Kisumu. Hali ilibadilika mwaka wa 1931, reli nyingine iliyopitia Eldoret ilipofika Kampala. Tangu hapo mzigo wa Uganda uliweza kwenda bila kugusa maji.

Ukiingia barabara ya Oginga Odinga utaona mnara wa saa. Ulijengwa mwaka wa 1938 na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki mwaka wa 1871 na kufariki Kampala mwaka wa 1910. Maelfu hupita chini yake kila siku bila kuinua macho. Usome ukipita. Ni ukumbusho kwamba reli ilileta watu pamoja na mizigo: Wahindi waliofungua maduka, na wengine waliopewa mashamba Kibos na kuanza kulima miwa mapema katika karne iliyopita.

Meli zilizofika vipande vipande

Kijana wangu aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Ziwa halikutani na bahari kwa njia ambayo meli inaweza kupita. Sasa meli zilifikaje huku juu, zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari?

Jibu ni kwamba zilikuja kama baiskeli mpya inavyokuja dukani, zikiwa vipande. Kiwandani kule Scotland meli iliundwa nzima, kila bamba la chuma likapewa alama yake, kisha ikafunguliwa na kufungwa kwenye masanduku. Ikavuka bahari hadi Mombasa, ikapanda gari la moshi, na Kisumu mafundi wakaiunga upya, bamba kwa bamba, ribiti kwa ribiti, wakaishusha majini.

Ya kwanza, William Mackinnon, ilitangulia hata reli yenyewe. Vipande vyake vilisafiri kwa taabu, vingine vikibebwa na wapagazi, na ilianza kazi mwaka wa 1901. Zikafuata Winifred na Sybil, halafu Clement Hill, Nyanza, Kavirondo, Rusinga na Usoga, zote kabla ya mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka wa 1961 ikaanza kazi meli nzuri ya abiria, Victoria, nayo ikiwa imeungwa hapo hapo Kisumu. Meli hiyo baadaye ilikwenda Tanzania, ikachakaa, ikakarabatiwa, na mwaka wa 2020 ikarudi kubeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba. Hebu fikiria, kazi ya mikono ya mafundi wa Kisumu, karibu miaka 60 baadaye, ikipewa uhai mpya!

Meli hizi hazikuwahudumia watu wa pwani ya ziwa pekee. Kabla barabara hazijawa za kutegemewa, njia ya Gusii kwenda duniani ilipitia Kendu Bay. Mzigo ulishuka kutoka Kisii hadi gati la Kendu, ukavuka ghuba hadi Kisumu na kupakiwa kwenye behewa.

Vita vilipofika Kisii

Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na vita. Septemba 1914, wiki chache baada ya vita kuanza Ulaya, jeshi la Wajerumani lilitoka upande wa Mwanza, likavuka mpaka na kuingia mjini Kisii. Waingereza walipakia askari wa King's African Rifles melini huko Kisumu, wakawashusha Kendu Bay, nao wakapanda milima kwa miguu. Mapigano yalifanyika Kisii tarehe 12 Septemba, na Wajerumani wakarudi walikotoka.

Mwaka uliofuata meli za Kisumu ziligeuzwa kuwa za vita kabisa. Mwezi Juni 1915 msafara wake ulivuka ziwa na kuishambulia Bukoba, ambako mnara wa simu za upepo wa Wajerumani ulibomolewa. Na baada ya hapo ukaja msiba mkubwa zaidi, wa Kariakoo, jeshi la wapagazi. Wanaume kwa maelfu kutoka Nyanza nzima, Wagusii na Wajaluo sawia, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Wengi hawakurudi, na wengi wa hao waliuawa na njaa na kuhara kuliko risasi. Iwapo katika ukoo wenu kuna jina la babu ambaye inasemwa tu kwamba alikwenda Kariakoo, basi bandari hii ni sehemu ya habari zake.

Hapa yule msichana mdogo, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiulizia samaki, alinyamaza kidogo.

Ndani ya lango

Bandari si bustani ya matembezi. Ina walinzi, na upande mmoja kuna Jeshi la Wanamaji, kwa hiyo mtu hupaswa kuomba ruhusa mapema kwa Halmashauri ya Bandari na kuuliza kabla ya kupiga picha. Ukiruhusiwa, fuata reli. Itakupeleka hadi inapoishia, na inaishia majini.

Huo ndio muujiza wa Kisumu. Pembeni mwa gati kuna daraja la chuma linaloinuliwa na kushushwa kulingana na kimo cha maji. Meli husogea kinyumenyume, reli iliyo sitahani mwake ikaungana na reli ya nchi kavu, na mabehewa yakasukumwa ndani pamoja na shehena yake. Yakifika Port Bell au Mwanza, huvutwa nje na kuendelea na safari kama kwamba hayakuvuka maji yoyote. Hakuna kuteremsha magunia na hakuna kupakia upya.

Meli ya Kenya ya kazi hiyo ni MV Uhuru, ya miaka ya 1960, yenye nafasi ya mabehewa 22. Umoja ilikuwa dada yake. Zilifanya kazi chini ya shirika moja la nchi tatu, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na mali ikagawanywa, huyu akachukua hili na yule lile. Kenya ikabaki na Uhuru. Baadaye malori yalinyang'anya reli mzigo, magugu maji yakaziba ghuba katika miaka ya 1990, nayo Uhuru ikatia nanga ikakaa miaka mingi bila kazi. Kutu ikala, na gati likaota nyasi.

"Mjomba," kijana akaniuliza, "kama walikuwa na ujuzi wa kuunga meli hapa hapa, kwa nini waliziacha zioze?"

Sikuwa na jibu fupi, kwa kuwa swali hilo si la meli tu. Fundi wa meli hafundishwi kwa siku moja. Hujifunza miaka akiwa nyuma ya fundi mwingine, na chelezo kikikaa kimya miaka 10 au 15, mnyororo huo hukatika. Mzee huenda zake kijijini na ujuzi wake, na kijana ambaye angekuwa mwanafunzi wake huendesha bodaboda.

Heri mambo yamegeuka kidogo. Uhuru ilifufuliwa na kurudi majini mwishoni mwa 2019, ikaanza kupeleka mafuta Port Bell. Reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, iliyokuwa imekufa, ilikarabatiwa, na Desemba 2021 gari la moshi la abiria likaingia Kisumu tena. Chelezo nacho kilipewa uhai chini ya kampuni ya serikali inayosimamiwa na wanamaji, na meli mpya ya mabehewa, MV Uhuru II, ikaundwa papo hapo na mafundi wa Kenya kwa ushirikiano na Waholanzi. Safari hii chuma kilikatwa na kuchomelewa Kisumu.

Kijana aliitazama kazi ya kuchomelea kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote siku hiyo.

Moshi uliozimika

Viwanda vya Kisumu navyo vina historia yake ya kupanda na kushuka. Katika uwanda wa Kano, Miwani ilianza kusaga miwa mwaka wa 1922, ikiwa kiwanda cha kwanza cha sukari nchini. Mwaka wa 2001 iliwekwa chini ya mrasimu, mitambo ikanyamaza, na wakulima waliobaki wakawa wanatafuta pa kupeleka miwa yao. Mjini kulikuwa na KICOMI, kiwanda cha nguo kilichogeuza pamba kuwa kitambaa na kuwalisha watoto wa maelfu ya wafanyakazi. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 na mitumba kuingia kwa marobota, kilianguka kama ndugu zake wengi nchini. Watu wa mitaa ya karibu wanaikumbuka king'ora chake. Siku hizi ukumbusho huo ni wa masikio ya wazee.

Watu wa Itumbe hawana budi kulitafakari hilo. Sisi nasi tuna kiwanda chetu cha chai, na bomba lake la moshi tumelizoea hata hatulioni. Kiwanda huonekana kuwa cha milele mpaka siku kitakapofunga lango.

Uhai mpya nao huja na gharama yake. Kwa miaka mingi, burudani ya mgeni wa Kisumu ilikuwa kula samaki kwenye vibanda vya Lwang'ni, ufuoni. Mwaka wa 2019, katika harakati za kuirudishia reli na bandari ardhi yake, vibanda vilibomolewa. Akina mama waliosomesha watoto kwa sufuria moja ya mafuta walijikuta nje. Bandari ni ya taifa, ndiyo, lakini nalo taifa ni mama yule yule wa sufuria. Mji unaofufua gati lake usimsahau aliyekaa hapo gati lilipokuwa limelala.

Sisi tulikula Dunga, ufuo wa wavuvi kusini mwa mji. Ngege mzima wa kukaangwa, ugali na sukuma wiki, kwa mikono. Msichana mdogo alitimiza alilolitaka tangu asubuhi. Hapo wavuvi walieleza kuwa ziwa limebadilika. Mbuta aliyeletwa miaka ya 1950 aliwameza samaki wengi wa kienyeji, ingawa yeye ndiye aliyeleta viwanda vya kupakia minofu ya kuuzwa ng'ambo. Kila jambo la ziwa hili lina pande mbili.

Kumbukumbu zihifadhiwe wapi?

Saa tisa tuliingia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980 kando ya barabara ya Nairobi. Yana boma kamili la Kijaluo, samaki wa ziwa wakiwa hai, na nyoka ambao watoto hawakutaka kuwaacha. Ni mahali pazuri pa familia.

Lakini mtu akitoka gatini, moyo wake hutamani zaidi. Kule Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, iko Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani, ikaungwa Kigoma mwaka wa 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka wa 1916, kisha ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka wa 1927. Dunia nzima inaijua. Kisumu iliunga meli nyingi kuliko Kigoma. Meli moja kuukuu, ikisafishwa na kutiwa rangi, yenye picha za mafundi na nyundo zao na majina ya wapagazi wa Kariakoo wanaojulikana, ingewafundisha watoto zaidi ya kurasa 100 za kitabu. Na kila bamba linalouzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu ni ukurasa uliochanwa.

Kwa familia au shule inayotaka kufuata nyayo zetu, haya hapa ya kuzingatia. Ondokeni alfajiri, maana jua la Kisumu halina huruma baada ya saa sita. Walimu waandike barua ya kuomba ruhusa ya bandari wiki kadhaa mapema. Bebeni maji na kofia. Anzeni na stesheni na mnara wa saa, kisha gati, kisha chakula, na mmalizie na makumbusho, ambako kuna kivuli. Mwatakaporejea, msiache kusimama Ahero mkanunue mchele.

Na jambo moja ambalo halihitaji nauli. Kabla ya safari, waketisheni wazee wa nyumbani na kuwauliza: nani katika ukoo huu alifanya kazi relini? Nani alipanda meli Kendu? Nani alishona nguo KICOMI au alikata miwa Miwani? Wapwa wangu walipowauliza wao, waligundua kuwa baba wa nyanya yao aliwahi kuwa kuli katika gati lile lile walilolikanyaga. Hakuna aliyekuwa amewaambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.